Mtunzi Nje ya Ukuta: Evaristo Muyinda, Endingidi na Usikivu wa Arua na Koboko

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kazi za Evaristo Muyinda (aliyefariki mwaka 1993), mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka wa Buganda, mpigaji wa marimba ya amadinda, wa filimbi, wa kinubi na wa endingidi, yaani zeze la uzi mmoja linalopigwa kwa upinde. Maandishi mengi humsifu kama mhifadhi wa muziki wa kale. Makala yanadai kwamba Muyinda alikuwa mtunzi kwanza na mhifadhi baadaye, na kwamba jambo hilo huonekana wazi zaidi kazi zake zinaposikilizwa kutoka Arua na Koboko, katika nchi ya Walugbara na Wakakwa ambao hawakuwa na ikulu, lakini ambao historia imewafungamanisha na ikulu ya Mengo kwa tukio la Mei 1966.

Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili una desturi ya muda mrefu ya kuyasoma maisha ya mwanamuziki kama matini. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad hakuishia kuzitaja nyimbo zake. Alimchukua mwanamke aliyezaliwa Fumba, akauza vyungu, kisha akaimba mbele ya wakubwa wa Unguja, na kumwachia msomaji swali: heshima ya msanii hutoka kwa anayemlipa au kwa anayemsikiliza? Swali hilo limeulizwa mara kwa mara kuhusu waimbaji wa pwani. Kuhusu wanamuziki wa ikulu za bara limeulizwa kwa nadra, na kwa Kiswahili karibu halijaulizwa kabisa.

Muyinda ni mahali pazuri pa kuanzia. Alizaliwa katika muongo wa pili wa karne ya 20, akamtumikia Mutesa II katika Lubiri, yaani boma la kifalme la Mengo, na akafanya kazi na Klaus Wachsmann, aliyekuwa mkuu wa Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1959 alifika kwake kijana wa Kiaustria, Gerhard Kubik, aliyetaka kufundishwa amadinda. Yaliyotokana na masomo hayo, kuanzia makala ya Kubik ya mwaka 1960 kuhusu muundo wa muziki wa marimba wa Kiganda, yalibadili namna wanamuziki wa Ulaya walivyouelewa muziki wa Afrika. Hata György Ligeti, mtunzi wa Hungaria aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wa karne hiyo, alikiri kuvutwa na mambo aliyoyasoma kwa Kubik. Mnyororo huo husimuliwa mara nyingi. Katika usimulizi wake Kubik huitwa mgunduzi, Ligeti huitwa mtunzi, naye Muyinda huitwa mtoa taarifa.

Kosa la usimulizi huo linazidi adabu. Linatokana na dhana kwamba muziki wa ikulu hauna mtunzi: una mfalme mwenye kuumiliki na mtumishi mwenye kuukumbuka. Ili dhana hiyo ipimwe, inafaa kuondoka Mengo kwa muda na kwenda mahali ambako mfalme hakuwapo.

Nchi isiyo na Lubiri

Arua ilianza kama boma la serikali mwaka 1914, eneo la West Nile lilipohamishwa kutoka utawala wa Sudan na kuingizwa Uganda. Kabla ya hapo nchi hiyo ilikuwa sehemu ya Lado, iliyoshikiliwa na Leopold wa Ubelgiji hadi kifo chake mwaka 1909. Koboko, kaskazini yake, iko katika nchi ya Wakakwa waliogawanywa na mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini ya sasa. Watawala wote hao waliopokezana walikutana na tatizo moja. Walitafuta mfalme wa kuzungumza naye na hawakumpata. Waalur wa kusini, upande wa Nebbi, walikuwa na watemi wao. Miongoni mwa Walugbara mamlaka yalikaa kwa wazee wa ukoo na kwa opi, mwenye uwezo wa mvua. Wakakwa nao walikuwa na wakuu wao wa mvua. Hakuna aliyekuwa na ukuta wa mianzi na watumishi wa zamu.

John Middleton, aliyeishi na Walugbara mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu kuhusu ngoma zao za matanga. Kifo cha mzee huwaita watu wa koo mbalimbali. Wanaume wa ukoo wa marehemu hucheza, wakwe na majirani huja na zamu yao, na nyimbo huwa mpya, kwa kuwa mambo yanayosemwa ni mapya: nani hakuja kumwona mgonjwa, nani alimtukana mwenzake, nani anadaiwa ng'ombe. Wimbo ukipendwa hubebwa hadi kwenye msiba mwingine. Usipopendwa hufa palepale. Mwimbaji hapewi shamba wala cheo. Malipo yake ni watu kuitikia.

Mtu aliyelelewa katika usikivu huo, akisikia sifa kwamba mwanamuziki fulani alihifadhi nyimbo za wafalme kwa miaka mia tatu bila kuzibadili, hana budi kushangaa. Kwake wimbo usiobadilika ni wimbo ambao hakuna aliyeuhitaji tena. Mshangao huo ni nyenzo nzuri ya uhakiki, kwani unamlazimu mchambuzi auangalie upya muziki wa Mengo na kuuliza ni wapi hasa ulipobadilika, na kwa mkono wa nani.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Arua na Mengo zilikuwa dunia mbili zisizojuana. Tangu miaka ya ukoloni wa mwanzo, vijana wa West Nile walikwenda kusini kutafuta kazi katika mashamba ya pamba na kahawa ya Waganda na katika mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira. Huko jioni, penye pombe, hawakusikia muziki wa ikulu. Walisikia endingidi.

Ala changa katika ikulu kongwe

Endingidi ni ala nyenyekevu. Mzinga mfupi wa mti uliochimbwa, ngozi ya kenge au nyoka iliyowambwa upande mmoja, fimbo iliyopenya ubavuni kuwa shingo, uzi mmoja wa nyuzinyuzi za mmea (siku hizi wa nailoni), na upinde uliopakwa ulimbo. Mpigaji hubana uzi kwa vidole bila kuugandamiza kwenye mti, hivyo sauti haina ngazi zilizokatwa. Huteleza, hupanda na kushuka kama mtu anayeongea.

Waganda wengi huihesabu miongoni mwa ala za mababu. Wachsmann, katika kazi aliyoiandika pamoja na Margaret Trowell mwaka 1953, aliirudisha nyuma si zaidi ya muongo wa kwanza wa karne ya 20. Kwa maneno mengine, endingidi ilimtangulia Muyinda duniani kwa miaka michache tu. Ndani ya maisha ya kizazi kimoja ilienea karibu Uganda nzima, ikipata jina jipya kila ilikofika. Kaskazini, kwa Waacholi na jirani zao, iliitwa rigi-rigi, jina linaloiga sauti yake. Hakuna amri ya mfalme iliyoieneza. Ilienezwa na vibarua.

Ikulu ilikuwa na ala zake zenye nasaba: entenga, ngoma 15 ambazo 12 kati yake zilikazwa kutoa noti, amakondere, baragumu za vibuyu, ennanga, kinubi cha nyuzi nane cha mpigaji mmoja, kundi la abalere wapiga filimbi, na akadinda, marimba kubwa ambayo wapigaji wake walitoka kijiji cha Kidinda huko Butambala. Kila kundi lilikuwa na mkuu wake, zamu yake na pahali pake ndani ya ua. Wengi walishikilia ardhi kwa sababu ya huduma hiyo. Endingidi haikuwa na kijiji wala cheo. Iliingia kwa kujiunga na abadongo, wapiga kinubi cha endongo, na kufikia miaka ya 1950 ilikuwa imekwishazoeleka mbele ya Kabaka.

Kuingia kwake kuna maana kubwa kuliko kunavyopewa. Ikulu iliyodaiwa kulinda ukale ilipokea ala ya vilabuni, na iliipokea kwa sababu ya kimuziki. Katika ala zote za Lubiri, hiyo ndiyo pekee iliyoweza kufuata mwinamo wa sauti ya Kiganda, lugha ambayo kupanda na kushuka kwa toni hubeba maana, bila kuvunja neno vipande vipande. Muyinda, aliyejifunza ala nyingi, alilielewa jambo hilo. Katika rekodi zilizotolewa Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa mzee, endingidi haichukuliwi kama pambo. Ndiyo inayoongea.

Utunzi wa Muyinda

Alichokifanya Muyinda hakieleweki bila amadinda. Marimba hiyo ina mbao 12 nene, mara nyingi za mti wa lusambya, zilizolazwa juu ya vigogo viwili vya migomba. Wapigaji ni watatu. Wa kwanza, omunazi, huanzisha mstari wa noti zinazofuatana kwa nafasi sawa. Wa pili, omwawuzi, aliyeketi upande wa pili, huingiza noti zake katikati kabisa ya zile za mwenzake. Kila mmoja hupiga kwa mikono miwili, kila noti pamoja na ya oktavu yake. Mistari miwili ikishafumana, kasi yaweza kupita mapigo 500 kwa dakika, na hapo sikio huacha kuwasikia watu wawili. Husikia noti za juu zikijitenga na kuwa wimbo, na za kati zikijitenga na kuwa wimbo mwingine. Nyimbo ambazo hakuna mkono uliozipiga. Mpigaji wa tatu, omukoonezi, husikiliza noti za mbao mbili za chini kabisa popote zinapochomoza ndani ya mfumo huo, na kuzirudia kwenye mbao mbili za juu kabisa, ili aliye mbali azisikie.

Mpangilio wa sauti una noti tano katika oktavu, zilizoachana karibu sawa kwa sawa. Kwa hiyo tungo yaweza kusogezwa ubao mmoja juu bila kupoteza umbo lake. Usogezaji huo huitwa miko, na Lois Anderson aliuandikia tasnifu mwaka 1968. Jambo la kuzingatia ni kwamba kila tungo inaposogezwa, noti nyingine ndizo zinazoangukia mbao mbili za chini, na omukoonezi hupata wimbo mpya wa kuutoa. Wapigaji wawili wa kwanza wanafanya yaleyale. Wa tatu yumo katika wimbo tofauti kabisa. Tungo moja, nyuso tano.

Muziki wenye maumbile hayo hauwezi kuhifadhiwa kwa kukariri tu. Anayeujua ni yule anayeweza kuamua. Atautoa katika uso upi? Ataanza na mstari wa nani? Wimbo ujulikanao kwa sauti ya mwimbaji mmoja na kinubi atauhamishaje kwenye mikono sita? Maamuzi hayo ndiyo utunzi, na katika kizazi chake ni vigumu kumtaja aliyeyafanya mara nyingi kuliko Muyinda, kwa sababu alikuwa na bahati, au mzigo, wa kupiga ala ambazo kwa desturi ziligawanywa kwa watu wa makundi tofauti. Tungo kama Ssematimba ne Kikwabanga zilipita mikononi mwake kutoka ala hadi ala. Mwanafunzi aliyezipokea kwake alipokea nakala yenye uamuzi wake ndani.

Njia yake ya kufundisha nayo ilikuwa utunzi wa aina yake. Mtoto wa ikulu alijifunza kwa kukaa karibu, akasikia kitu kizima kabla ya kujua vipande vyake. Mgeni hakuwa na miaka hiyo. Muyinda aliifumua tungo, akampa mgeni mstari wa kwanza peke yake hadi ukakaa mkononi, kisha yeye mwenyewe akaingiza wa pili. Kubik alivumbua namna ya kuiandika mistari hiyo kwa tarakimu 1 hadi 5, na kuanzia hapo muziki wa Lubiri ukawa na maandishi yanayoweza kusomwa Vienna au Nairobi. Sifa ya maandishi ni ya Kubik. Wazo kwamba tungo inaweza kufumuliwa na kuwekwa wazi mstari kwa mstari lilipitia kwanza mikononi mwa mwalimu.

Kazi yake yenye ujasiri zaidi, na yenye mashaka zaidi, ni lile kundi la mseto ambalo aliliongoza na ambalo watafiti wameliita okestra ya Kiganda. Ndani yake aliweka pamoja amadinda, filimbi, endongo, endingidi na ngoma, ala ambazo Lubiri iliziweka mbalimbali. Kundi la namna hiyo halikuwapo ikulu. Ni tungo ya Muyinda kama wimbo wowote. Lakini kwa kuwa wapigaji walivaa kanzu na kwa kuwa kiongozi alikuwa mtu wa Kabaka, wasikilizaji wengi waliamini wanasikia kitu cha karne nyingi.

Je, ni tungo njema? Si kila mahali. Filimbi na endingidi zinapofuata mstari uleule, moja huifunika nyingine, na mara nyingi anayefunikwa ni yule mwenye uzi mmoja. Ule mchezo wa nyimbo zisizopigwa na mtu, ambao ndio roho ya amadinda, hupungua ngoma zinapokazana. Msikilizaji mkali anaweza kusema kwamba Muyinda aliuza undani akanunua wingi. Pamoja na hayo, zipo nyakati ambapo mseto huo hutoa kisichowezekana kwingine: marimba zikizunguka bila kupumzika, na juu yake endingidi ikiingia kwa kuchelewa kidogo, ikiteleza kuelekea noti ambayo mbao zimekwisha kuitoa, kama mtu anayerudia neno la mwenzake ili alitilie shaka. Nyakati hizo zinatosha kumpa mtu jina la mtunzi.

Mei 1966, kutoka Koboko

Tarehe 24 Mei 1966, jeshi la serikali ya Milton Obote liliishambulia Lubiri. Aliyeongoza shambulio alikuwa Kanali Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko na mama yake hutajwa kuwa Mlugbara. Mutesa II aliruka ukuta, akafika Uingereza, akafia London mwaka 1969. Ala nyingi za kifalme ziliharibiwa. Wanamuziki walitawanyika, wengine hawakuonekana tena. Katiba ya 1967 ilizifuta falme, na Lubiri ikawa kambi ya jeshi. Entenga, iliyohitaji wapigaji sita waliozoeana kwa miaka, ilinyamaza kwa muda mrefu.

Lugha ya kambi hiyo ilikuwa Kiswahili. Jambo hili halipendwi kutajwa katika mikutano ya Kiswahili, na ndiyo sababu linafaa kutajwa humo. Kwa mkazi wa Koboko au wa soko la Arua, Kiswahili kilikuwa na bado ni lugha ya biashara na ya ujirani kuvuka mpaka. Kwa mpiga filimbi wa Mengo kilikuwa sauti ya mtu mwenye bunduki ndani ya ua wa Kabaka. Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, hakukifuta kumbukumbu hiyo, aliiongezea uzito. Anayeandika leo kuhusu Muyinda kwa Kiswahili anatumia lugha ambayo katika maisha ya Muyinda mwenyewe ilikuwa na majeraha. Hilo halimzuii kuandika. Linamzuia kuandika kana kwamba ni lugha isiyo na upande.

Upande wa pili wa habari hiyo hausimuliwi Kampala kwa urahisi. Amin alipoanguka mwaka 1979, watu wa West Nile walihesabiwa kuwa washirika wake kwa sababu ya mahali walipozaliwa. Baada ya mapigano ya Oktoba 1980, Arua na Koboko zilitupu. Maelfu walivuka kwenda Kongo na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981, raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na askari wa serikali. Pamoja na watu hao zilikwenda nyimbo za matanga ambazo hakuna aliyekuwa amezinasa, kwa maana zilitungwa kwa ajili ya kifo kimoja na ukoo mmoja. Hasara ya Lubiri imeandikiwa vitabu, kwani Hugh Tracey alikuwa amefika na mashine zake mwanzoni mwa miaka ya 1950, Wachsmann alikuwa na jumba la makumbusho, na Kubik alikuwa na daftari. Ikulu huvuta warekodi. Mlugbara aliyetunga wimbo uliowaliza watu wa Maracha kwa msimu mmoja hakuwa na ikulu ya kumvutia mtu mwenye kinasa sauti. Uhakiki unaoupima msiba kwa wingi wa kumbukumbu zilizosalia utaendelea kumlilia Kabaka peke yake.

Hata hivyo, muziki wa Mengo haukuzimika wote mwaka 1966, na sababu yake ni ya kiutunzi. Mfano wa Zanzibar unasaidia. Sultani Barghash, aliyetawala hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim Kairo akajifunze ala za huko, na taarabu yenye fidla na kanuni ikaanza kama starehe ya kasri. Mapinduzi yalipokuja mwaka 1964, taarabu haikuhitaji sultani ili ipone. Ilikwisha kutoka nje zamani: Akhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na Siti alikuwa ameipeleka kwa watu wa Ng'ambo kwa lugha yao. Okestra ya Muyinda, pamoja na masomo yake katika jumba la makumbusho na kwa wageni, ilifanya kwa Buganda kazi iliyo karibu na hiyo. Kabla ya mizinga ya Mei kulia, alikuwa amekwisha kuutunga muziki wa ikulu upya katika umbo lisilohitaji ikulu: watu wachache, ala mchanganyiko, jukwaa lolote. Wanaolaumu okestra hiyo kwa kuchanganya kisichochanganywa wanalaumu chombo kilichoelea. Wenye usafi wa desturi, yaani entenga, walizama na ukuta wao.

Albert Ssempeke, mpiga filimbi aliyekuwa kijana zaidi katika Lubiri, alikuja kuwa mrithi mkubwa wa ala hizo zote, endingidi ikiwamo, na miaka ya 1980 akafundisha Edinburgh. Yeye pia alipiga ala nyingi, kinyume cha mgawanyo wa zamani. Baada ya Muyinda, upekee wa ala moja kwa kundi moja haukurudi.

Adungu, na sauti ya katikati

Katika mashindano ya muziki ya shule nchini Uganda, umbo hilo la mseto sasa huhesabiwa kuwa muziki wa asili wa taifa, na shule za Arua na Koboko huonyesha ngoma za kusini kama vile shule za kusini zinavyoonyesha za West Nile. Nao West Nile wana mseto wao. Adungu, kinubi chenye shingo ya upinde kilichotoka kwa Waalur, kilikuwa ala ndogo ya mtu mmoja na masimulizi yake. Leo makanisani na shuleni kote West Nile hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, kutoka kile cha kupakatwa hadi kile kikubwa cha besi, vyote vikikazwa kufuata do-re-mi ya nyimbo za dini. Mabadiliko hayo ni makubwa sawa na ya okestra ya Kiganda, nayo yanaitwa kwa jina lilelile la ukale. Waliobuni mpangilio huo wa sauti kubwa na ndogo ni watunzi; karibu wote hawatajwi. Mwaka 2016, kinubi cha Wamadi, o'di, kiliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Orodha za namna hiyo hutaja jamii, na ni haki kutaja jamii, lakini safu ya jina la mtunzi haimo.

Ala hizo zinapokutana katika kundi moja la shule, hutokea tatizo ambalo Muyinda hakukutana nalo ndani ya Lubiri. Amadinda ina noti tano zilizoachana karibu sawa. Adungu ya kanisani ina noti saba, zenye nafasi ndefu na fupi. Mbao haziwezi kusogea, na nyuzi za adungu zikishakazwa hukaa hapo hadi wimbo uishe. Mwalimu wa muziki ana njia mbili za haraka: kuchonga marimba mpya zinazofuata do-re-mi, jambo linaloifuta miko na kumwacha omukoonezi bila kazi, au kuziondoa mojawapo ya ala hizo. Wengi huchagua ya kwanza.

Iko njia ya tatu, nayo imo katika endingidi. Kwa kuwa uzi wake hauna ngazi, mpigaji wake anaweza kusimama kati ya marimba na adungu, akaiegemea noti ya huku katika mstari mmoja na ya kule katika mstari unaofuata, kwa kukisogeza kidole kwa upana wa punje ya mtama. Kwa kazi hiyo anahitaji asikike, maana yake ngoma zipungue na filimbi zimpishe, yaani lile kosa la okestra ya Muyinda lisahihishwe kwa kanuni za Muyinda mwenyewe. Anahitaji pia kujua miko, ili ajue ni noti ipi ya mbao za chini ambayo omukoonezi yu karibu kuipandisha juu, aiwahi.